Jiwe la Maziwa Chini ya Buachaille

Asubuhi ile Ishbel aliamshwa na harufu ya mbuzi aliyelowa. Nao hawakuwa na mbuzi. Yeye na mumewe Murdo walifuga kondoo tu, katika nyumba yao nyeupe chini ya Buachaille, ule mlima wa bonde la Glencoe uliochongoka kama ncha ya mkuki, ambao wageni hawachoki kuupiga picha.

"Umeingiza nini humu ndani?"

"Labda soksi zangu," Murdo akacheka.

Mara kwato zikalia darini. Ko, ko, ko. Zikasimama juu ya vichwa vyao. Kicheko kikamkauka Murdo.

"Lile jiwe la mama yako," Ishbel akanong'ona, "umelipeleka wapi?"

"Nimelitupa mtoni. Wageni walikosa pa kuegesha magari."

"Jiwe la Mwanamke wa Kijani, yule mzimu mwenye kwato za mbuzi! Mama yako kamwekea maziwa pale mpaka anaingia kaburini, halafu wewe..."

"Shh! Anasikia."

Wakakimbilia gari, hata chai hawakunywa. Barabara ya kwenda kijiji cha Ballachulish waliijua kama viganja vyao, na mlima waliuacha mgongoni. Lakini ukungu uliposhuka, wakapita kona, wakauona Buachaille mbele yao, na chini yake nyumba yao, mlango wazi. Murdo akageuza gari, akakanyaga mafuta, akapita kona ileile huku Ishbel akiomba Mungu kwa sauti, na mlima ukawa mbele tena, mkubwa zaidi, mpaka gari likazimika lenyewe mbele ya lango lao.

"Tutembee," Murdo alisema. "Ngoja nichukue koti."

Akaingia ndani mbio. Hakukawia. Akatoka ukunguni, akamshika mkewe mkono, wakaondoka kwa miguu. Ishbel akaanza kupumua. Hapo ndipo aliposikia mtu akiita kutoka nyumbani, mbali kabisa:

"Ishbel! Mbona umeniacha? Koti lenyewe silioni!"

Ishbel akasimama. Aliyemshika hakusimama. Mkono ule ulikuwa laini, haujapata kushika kamba wala koleo, na alipojaribu kujichomoa ukambana mpaka vidole vikalia.

"Usigeuke, mke wangu," alisema yule kwa sauti ya Murdo. "Kwetu ni huku."

Akamvuta nje ya njia, wakaanza kupanda mlima.