Kitana cha Chuma na Picha ya Chupa

Kila asubuhi kabla ya shule, Sidonie alinunua mikate miwili: mmoja wa nyumbani, mwingine wa Bwana Castaing, mchoraji aliyeishi ghorofa ya juu kabisa. Ijumaa moja aliporudi na mikate, alimkuta baba yake anafoka.

Ferdinand, baba yake, alikuwa fundi rangi hodari. Alipitisha kitana cha chuma juu ya rangi mbichi, kikaacha mistari kama ya mbao, na mlango wa msonobari wa bei rahisi ukaonekana wa mwaloni mtupu. Siku hiyo kitana hakikuonekana.

"Gaston, umekiuza!" alimwambia msaidizi wake. "Chukua vyako, uende!"

"Nimuuzie nani, fundi? Wenye vipara?" Gaston alijibu, lakini mwenyewe hakucheka. Alikuwa na watoto watatu.

Sidonie aliweka mikate mezani. Angeweza kunyamaza.

"Baba, si Gaston. Nilikichukua mimi jana, nikampa Bwana Castaing kwa picha yake."

Ferdinand alitoka mbio. Alipanda ngazi mbili mbili, nao wakamfuata. Mchoraji alipofungua mlango, Ferdinand aliitazama picha iliyokuwa mbele yake.

"Hii nini? Meza iliyopigwa shoka?"

"Ni chupa, bilauri na gazeti, Baba," Sidonie alisema. "Ubavu wa chupa unauona kama umeketi. Mdomo wa bilauri ni duara, kama umesimama unaichungulia. Amezunguka meza, akaviweka pamoja vyote alivyoviona."

Ferdinand alisogea. Chini ya chupa palikuwa na mistari ya mwaloni, mizuri, yenye mafundo. Alivua kofia.

"Hii ni kazi ya kitana changu kabisa!"

"Mkono wangu mzito, fundi," Castaing alisema. "Pale pembeni nimeshindwa."

Ferdinand alikichukua kitana, akakipitisha mara moja tu pale rangi ilipokuwa bado mbichi. Mistari ya mbao ikatokea. Wote wanne walisimama kuitazama, na kwa muda hakuna aliyetaka kuondoka.

Walipofika kwenye ngazi, Ferdinand alisimama.

"Gaston, nimekuita mwizi mbele ya binti yangu. Mbele yake nakuomba radhi."

"Yameisha, fundi. Milango inatungoja."

"Na wewe, Sidonie, kuchukua bila kuomba ni kosa, hata kwa kazi nzuri kama ile. Lakini ungenyamaza, watoto wa Gaston wangelala njaa kwa sababu yako. Umesema ukweli ulipokuwa mgumu kusemwa. Endelea hivyo hivyo, mwanangu."