Kurasa Zisizofagiliwa

Harufu ilianza asubuhi, ikitoka kwenye mashine ya kupumulia ya mama mkwe: harufu ya kitambaa cha vyombo kilichosahaulika kwenye maji machafu. Fundi Mbwembwe, bingwa wa kujisifu, akasema ni panya.

"Panya gani ananuka kila mama akivuta pumzi?" mkewe alinong'ona.

Mbwembwe akainama kuunusa mrija wa mashine. Kompyuta iliyoendesha mashine ile aliigusa yeye, jana tu. Kiini cha mfumo wake, programu inayoongoza kompyuta nzima, kilikuwa kikongwe, cha kutiwa viraka tu. Naye akachukua kiraka cha programu kilichoandikwa kwa toleo jipya, kinachobadili ugawaji wa kumbukumbu, akakikatakata mpaka kikakubali kuingia. Alijipigia makofi.

Akachomoa mrija. Ute wa kijivu, vuguvugu kama mate, ukammwagikia kiganjani, na ndani yake mlikuwa na nywele, kucha, na kitu kilichomnyonya kidole.

"Zima, baba watoto!"

"Mama atavuta nini?"

"Nitampulizia hewa kwa mfuko wa kuminya kwa mkono. Lakini sitamudu muda mrefu. Fanya haraka!"

Mbwembwe akampigia simu mwalimu wake, bibi mstaafu ambaye mafundi walimwita Mganga.

"Mwanangu," alisema Mganga, "kiraka hicho kina pacha. Kimoja hugawa kurasa za kumbukumbu, vile vyumba ambamo kompyuta huweka data, kingine huzifagia kwanza. Kwenye toleo jipya mfagiaji yumo tayari. Huko kwako hayumo. Umegawa vyumba na uchafu wa waliotangulia, na mmoja wao hajahama."

Mbwembwe akaanza kumwandika mfagiaji, vitufe vikididimia chini ya vidole vyake kama ufizi uliooza, ute ukipanda kwenye kioo cha kompyuta badala ya kushuka, mkewe akiminya mfuko huku akitapika pembeni bila kuthubutu kuuachia, na ndani ya mrija uliolala sakafuni, usiounganishwa na mapafu ya mtu yeyote, kitu kikikoroma taratibu kama mgeni aliyeshiba.

Akawasha upya. Mrija ukacheua mara moja, pwaa, kisha kimya. Hewa ikatoka safi, wakamrudishia mama mrija.

Mama mkwe akafumbua macho. "Mbona mnanitolea macho? Nimekufa?"

Mbwembwe akacheka, kinywa wazi, machozi yakimtoka.

"Dude hilo limetoka?" Mganga aliuliza kwenye spika ya simu.

"Limetoka!" mkewe alijibu.

"Lilipotoka, mlifumba vinywa?"

Mbwembwe alitaka kujibu, lakini chini ya ulimi wake kitu chenye manyoya kilijigeuza, kikajilaza upande wa pili.