Bendera Iliyotolewa kwa Kocha

Ndugu zangu, mlio na watoto wanaosomea kompyuta, nisikilizeni.

Jumapili hiyo huko Bweri palikuwa shwari. Gaudensia alikuwa uani akipara sato, magamba yakimrukia hadi kwenye kilemba. Tabitha, mtoto wa dada yake, anayesoma chuo hapo Musoma, alikaa kizingitini na kompyuta mapajani.

"We Tabitha, huo mchezo ndio utakuoa?"

"Mama mdogo, haya ni mashindano. Waandaaji wanatengeneza tovuti ya mazoezi, wanaficha neno la siri ndani yake. Hilo ndilo bendera. Wa kwanza kulipata anashinda."

"Sasa unalipataje?"

"Kwa kuchungulia tu. Nafungua maandishi yaliyo nyuma ya ukurasa, maana watengenezaji wanasahauga vitu humo. Nikikuta herufi zimevurugwa, nazipanga upya mpaka ziseme."

"Kwetu Mugango mchunguliaji tulikuwaga tunamfukuza na mwiko!" Gaudensia akacheka.

Hapo ujumbe ukaingia. Mtu aliyejiita Kocha, asiyemjua, alituma anwani ya tovuti: *Zoezi jipya. Bendera ni paswedi ya msimamizi. Au watu wa Mara mnaweza ng'ombe tu?*

Dhihaka ikamchoma. Mwalimu wao huwakumbusha kila siku: kabla hujagusa, hakikisha anwani ipo kwenye ukurasa wa mashindano. Tabitha hakutazama. Aliyezoea kutegewa bendera huona kila kitu kimetegwa kwa ajili yake.

Akachungulia, akakuta herufi zilizovurugwa, akazipanga. Paswedi hiyo! Akamtumia Kocha, kisha akaingia mwenyewe aone alichoshinda.

Jina la kwanza: Gaudensia Masatu. Umri wake. Ugonjwa wake. Dawa anazomeza kila siku, ambazo nyumbani hakuna aliyezijua, hata mumewe. Chini yake, majirani. Ilikuwa kliniki ya mjini, ya wagonjwa wa kweli.

*Kocha, hii siyo ya mazoezi!* akaandika. Akaunti ya Kocha ilikuwa imeshafutwa.

"Kuna nini, mwanangu? Sura imekuwa kama majivu."

Jamani, angeweza kufunga kompyuta akanyamaza. Nani angemjua? Lakini alipanda bodaboda hadi kliniki, akamkuta msimamizi, mzee Baltazari.

"Shikamoo, baba. Nimefungua mfumo wenu. Na paswedi nimempa mtu."

"Umempa nani?"

"Simjui."

Mzee akang'oa waya wa intaneti ukutani. Baadaye, mbele ya polisi, fundi alipochunguza alisema kuna mtu mwingine, mbali na Tabitha, aliingia kabla hawajazima. Alibeba nini, hakuna ajuaye.

Kompyuta ya Tabitha ilibaki kituoni kwa polisi. Tabitha akarudi Bweri, akapiga magoti uani.

"Mama mdogo, ugonjwa wako naujua. Na kuna mwingine anaujua, kwa mkono wangu."

Gaudensia akasukuma samaki pembeni. Kisha akauliza kwa sauti ndogo, akimwaza mumewe, "Atamwambia baba Yunis?"

"Sijui, mama."

Tangu hapo, simu ya mumewe ikilia ujumbe, Gaudensia huacha kutafuna, akamtazama usoni anavyosoma. Na Tabitha humtazama Gaudensia.

FUNZO

Ujuzi wa kufungua si ruhusa ya kufungua. Wanangu, kabla hujaonyesha ubingwa wako, uliza kwanza: hiki ni cha nani, na ameniruhusu? Asiyekujibu, muache. Na mkikosea, semeni upesi. Kusema hakurudishi siri ya mtu, lakini humpa mwenyewe nafasi ya kujiandaa.