Sauti Kwenye Simu ya Fundi

Duka la fotokopi lilikuwa limejaa mpaka mlangoni. Katikati ya makelele yale, mwalimu wa hisabati akasikia sauti ya marehemu mumewe.

"Ukizidisha vekta kwa hasi mbili, inarefuka mara mbili, na inageuka kuelekea upande wa pili..."

Nywele zilimsimama. Sauti ilitoka kwenye simu ya mwanamume mwenye shati la buluu lililopigwa pasi likanyooka, futi ya kupimia nguo ikining'inia shingoni.

"Samahani, kaka. Hiyo umeipata wapi?"

"Masomo haya? Yanazunguka tu kwenye simu za watu, dada. Mimi fundi cherehani, narudia mtihani ukubwani."

Akamwonyesha karatasi yake. Vekta ya tatu juu, moja chini, zidisha kwa hasi mbili. Alikuwa ameandika hasi sita juu, na chini moja ileile.

"Ya juu umeizidisha, ya chini umeionea," mwalimu akasema. "Zote mbili zinazidishwa. Chini ni hasi mbili."

Fundi akacheka. "Basi nifundishe, mwalimu. Nitakushonea gauni."

Mwalimu hakumwambia ile sauti ni ya nani.

Jioni baada ya jioni, kati ya vitambaa na joto la pasi, masomo yakageuka mapenzi. Gauni la zambarau lilimkaa kama amezaliwa nalo.

"Umekula, mpenzi?" fundi alimpigia simu kila mchana.

"Nitakulaje kabla hujaniuliza?"

Lakini kila mwalimu alipoingia kibandani kwa fundi alisema, "Weka lile somo kwanza," kisha akafumba macho.

Siku moja fundi akaliacha somo mpaka mwisho. Nyuma ya sauti ya mfundishaji, mwanamke aliita, "Mume wangu, chai inapoa!" Akacheka.

Kicheko kile fundi alikijua: ni cha mwalimu. Akazima simu.

"Kumbe unakuja kumsikiliza yeye."

Mwalimu alifumbua macho. Akachukua mkoba, akaondoka.

Wiki nzima fundi hakupokea simu zake. Mwisho mwalimu akamfuata mwenyewe, macho yamemvimba.

"Baada ya kifo chake simu yangu iliibiwa, sauti yake ikaenda nayo. Sikutegemea kuisikia tena."

"Si ungeniomba nikutumie?"

"Niliogopa kubaki nayo peke yangu. Hapa nikifumbua macho, nakukuta wewe."

Cherehani ilisimama katikati ya mshono. Fundi akashusha pumzi.

"Nataka nikuoe."

"Nyumbani kwangu bado yupo. Namsikia akitembea ukumbini. Sidhani kama ataondoka."

Fundi akamvutia kiti, akamshika mkono.

"Basi nikiingia nitamsalimu."