Ulimi wa Kengele

Shoga yangu Casilda hanywi tena maji ya kisima, na simlaumu.

Mapinduzi ya Meksiko yalipofika kwetu Zacatecas, tuliitumbukiza kengele ya kanisa kisimani, askari wasije wakaiyeyusha kuunda mizinga. Ulimi wake, kile chuma kinachogonga, mama yake Casilda aliung'oa akauficha jikoni, nyuma ya magunia ya mahindi. Kaka zake Casilda watatu walikuwa vitani.

Mchana mmoja Casilda alikwenda kuteka maji. Alipoinamia lile giza, kengele ikalia huko chini, polepole, kama inavyolilia maiti. Ikalia tena.

"Basi, yatosha!" akalia Casilda.

Ikalia mara ya tatu, ikanyamaza.

Akakimbia nyumbani. "Mama, umesikia?"

"Nisikie nini? Jua limekupiga, wewe! Kengele haina ulimi, italiaje?"

Casilda akasogeza magunia. Ulimi ulikuwa palepale, unachuruzika maji.