Runinga Iliyofunuliwa kabla ya Amina

Tarehe mbili Novemba, siku ya kuwaombea marehemu, saa moja na robo jioni, Milqueya alimwambia mumewe kwamba ana mimba, na runinga ikapaza sauti yenyewe.

"Umesema nini?" Fermín aliuliza.

Akarudia. Sauti ikapanda zaidi, hata vikombe vikatetemeka kabatini. Simu inayoiendesha ilikuwa mezani, hakuna aliyeigusa.

Ilikuwa simu ya Zunilda, mke wa kwanza, mwenye saluni, aliyefariki Januari. Zunilda hakupenda rimoti zizagae nyumbani. Runinga, redio na feni alikuwa ameviingiza vyote ndani ya simu yake, akaviandikia majina: Runinga Yetu, Redio Yetu, Feni Yetu. Fermín aliendelea kuitumia. Milqueya alikuwa akiyameza hayo tangu siku ya ndoa.

"Nunua rimoti, Fermín. Hata ya mtumba."

"Ya nini, mpenzi, na hii inafanya kazi?"

"Naona unavyoipapasa. Mimi mwenyewe hunishiki hivyo."

"Unamwonea wivu marehemu?" Fermín akacheka.

Feni iliyokuwa ikigeuka huku na huku ilisimama ikimpepea Fermín peke yake. Na pale Milqueya alipokaa, joto likatanda, likaja na harufu ya nywele zinazoungua chini ya mashine ya kukaushia, harufu ambayo nyumba ile haikuwa nayo tangu Januari, ikamzunguka shingoni, ikashuka polepole hadi tumboni, ikatulia hapo kama mtu aliyeweka kiganja.

"Fermín," alinong'ona, "kuna mtu ananigusa."

Jioni iliyofuata alikuja Doña Casilda, bibi anayeongoza rozari za misiba mtaani. Hakuketi. Aliitazama runinga, kisha Fermín.

"Usiku wa tisa wa msiba, roho inapoagwa, nani aliondoa shuka kwenye hiki kioo kabla sijavunja altare na kumsindikiza marehemu mlangoni?"

Fermín akainamisha kichwa. "Ilikuwa fainali ya besiboli, Doña. Nilifunua kona tu. Sauti nilizima."

"Uliwasha kwa kitu gani?"

"Kwa simu yake."

"Mpumbavu wee! Mwenzio yuko kizingitini anaondoka, wewe unambonyeza arudi."

"Na sasa?" Milqueya aliuliza, mikono tumboni.

"Sasa tunaurudia usiku wa tisa, mwanangu. Na huyu bwana leo hatazami mpira."

Walifunika runinga na vioo kwa shuka nyeupe. Waliweka msalaba, mishumaa, glasi ya maji kwa ajili ya roho. Fermín alitoa betri ya simu, akaiweka simu chini ya msalaba, na Milqueya akaona jinsi vidole vyake vilivyochelewa kuiachia. Redio waliichomoa ukutani.

Wakasali. Kila fumbo la rozari lilipokwisha, harufu ya nywele ilipungua, na Milqueya, aliyekuwa ameingia kwenye sala ile kwa hofu na kijicho, alijikuta akimwombea mwanamke yule kwa moyo wa kweli, kama dada aliyekufa kabla hawajaonana, hata Doña Casilda alipokunja kitambaa cha altare na kufungua mlango, ukapita upepo mwembamba kati yao ukitoka nje.

"Nenda, binti," Doña Casilda alisema. "Ya hapa yamekwisha."

Milqueya akashusha pumzi.

"Tufunge kwa sala ya wafu. Raha ya milele umpe Zunilda, ee Bwana…"

Kabla hawajaitikia, redio iliyochomolewa ilikohoa. Ikatoka sauti ya mwanamke, ya mkwaruzo kidogo, tulivu, isiyo na haraka:

"Raha ya milele umpe Milqueya, ee Bwana, na mtoto wake."

Doña Casilda alizima mshumaa kwa mkono mtupu. Milqueya alimkamata mumewe shati, akamtikisa. "Usiitikie! Fermín, nakuomba, usiitikie!"

Lakini Fermín hakuwa ameisikia sauti ile tangu Januari. Machozi yalimtiririka, na uso wake ulikuwa na furaha ambayo Milqueya hakuwahi kupewa hata siku ya ndoa yao.

"Na mwanga wa milele uwaangazie," akaitikia.

"Wapumzike kwa amani," redio ikamalizia.

"Amina, Zuni. Amina."