Nyumba Iliyojaa Mabeseni

Kila asubuhi, kabla hata ya kupiga mswaki, Pilipili alikuwa na kazi moja: kutafuta njia ya kufika mlangoni.

Jina hilo la Pilipili hakupewa na wazazi wake. Alipewa na majirani kwa sababu ya hasira zake za karibu, na mwenyewe alilipenda. Alikuwa darasa la sita. Alilala chumba cha ndani pamoja na mama yake, na mdogo wake alilala sebuleni kwenye mkeka. Baba yao alikuwa mwashi, alifuata kazi za mbali na kurudi mwisho wa mwezi.

Vyumba viwili tu, basi. Lakini ukiingia ungedhani ni stoo ya duka. Mabeseni yalipangwa moja ndani ya jingine mpaka yakakaribia dari. Juu ya kabati kulikuwa na ndoo. Chini ya kitanda kulikuwa na madumu, sufuria zisizo na mishikio na chupa za chai ambazo hazikutunza joto tena. Nyuma ya mlango, kwenye misumari, ilining'inia mifuko myeusi ya nailoni, yote sawasawa. Mmoja ulikuwa na nguo za kushonwa, mwingine nguo za kugawa, mwingine hakuna aliyejua una nini. Watoto wa watu wanakosa pa kukunjua miguu, ndoo tupu zimejilaza juu ya kabati! Ndivyo ilivyokuwa.

"Mama, hivi sisi tunaishi humu, au tunalinda mali ya watu?" Pilipili aliuliza Jumamosi ile, huku akiruka ndoo.

"Punguza mdomo. Vyote hivyo nimevipata bila kutoa senti."

Hapo mama hakudanganya. Alikuwa msusi, akisuka wateja wake barazani, na kila Jumamosi alipita mzee mmoja akisukuma baiskeli iliyosheheni vyombo vya plastiki. Watu walimwita Mzee wa Mabeseni. Ukimpa nguo kuukuu, anakupa chombo kipya. Mama aliona hiyo ndiyo njia ya kubana matumizi. Nguo iliyochakaa inatoka, beseni linang'aa linaingia, hasara iko wapi? Ila mabeseni yote yale yalikuwa ya kumwogesha nani, hakutaka kuulizwa.

"Na lile sanduku lako chini ya kitanda?" mama alirudisha kombora. "Litoe basi, tupate nafasi."

"Sanduku langu lisiguswe! Mle mna mambo yangu."

"Haya. Na mabeseni ni mambo yangu."

Pale kwenye mkeka, mdogo wake Pilipili alikuwa akicheka. Huyu walimwita Bosi, kwa sababu alitembea mikono nyuma kama msimamizi wa kiwanda, ingawa alikuwa mwembamba kama fimbo ya kuchungia. Jumatatu Bosi angeanza darasa la kwanza. Mwaka uliopita alirudishwa getini kwa kukosa sare. Alikaa nyumbani mwaka mzima akiwaangalia wenzake wakipita na mikoba. Safari hii sare ilikuwepo. Binamu yake alikuwa amekua, akamwachia kaptula ya bluu na shati jeupe. Mfuko wa shati ulikuwa umebanduka, na mama aliushona upya kwa uzi wa bluu, kisha akaitia sare katika mmoja wa mifuko ile myeusi nyuma ya mlango.

"Dada, Jumatatu ni keshokutwa?" Bosi aliuliza.

"Ni keshokutwa. Ulishaniuliza jana mara mia."

"Nataka kusikia tena."

Pilipili alichukua ndoo akaenda kuteka maji. Foleni ilikuwa ndefu. Aliporudi, alikuta beseni jekundu lenye mfuniko, kubwa kama meza, limekaa juu ya mkeka wa Bosi.

"Umeona?" Mama alikuwa akitabasamu mpaka jino la mwisho. "Lina mfuniko! Nimempa mfuko mmoja tu wa yale matambara."

"Na Bosi atalala wapi? Ndani ya beseni?"

"Si tutalisogeza."

"Tutalisogeza wapi, mama? Darini?"

Bosi ndiye aliyevunja ubishi. Aliomba ajaribu sare yake, aone kama bado inamtosha. Mama alinyanyua mkono akashusha mfuko wa kwanza nyuma ya mlango. Mapazia. Akashusha wa pili. Nguo za kushonwa. Wa tatu ulikuwa na mifuko mingine mitupu, imekunjwa. Akashusha wa mwisho. Ndani mlikuwa na matambara: suruali za baba zilizochanika magotini, khanga iliyopauka, soksi zisizo na wenzake.

Matambara yalikuwa bado yapo. Basi kilichoondoka na Mzee wa Mabeseni kilikuwa nini?

"Mama," Pilipili alisema polepole, "umempa sare ya Bosi."

"Mifuko yote inafanana..." mama alisema.

"Inafanana kwa sababu ni mingi! Nimesema! Nimesema mpaka koo limekauka! Mtoto amengoja mwaka mzima, wewe unampa beseni!"

Mama alijitwika beseni lile jekundu, akamshika Bosi mkono, wakatoka mbio wote watatu.

Walimkuta Mzee wa Mabeseni kwenye kona ya kinu cha kusaga, akinywa maji.

"Mzee wangu, shikamoo. Nimekosea mfuko," mama alisema akihema. "Chukua beseni lako, unirudishie nguo za mtoto."

"Marahaba. Biashara imeisha hiyo, mama. Sikuingia kwako kuchukua, ulinipa kwa mkono wako."

"Najua. Ndiyo maana narudisha beseni."

"Beseni likishakaa sakafuni kwa mtu si jipya tena."

"Halijamaliza hata saa!" Pilipili alipaza sauti. "Na wewe mzee, hukuona kwamba ile ni sare ya shule?"

"Mjukuu wangu, mimi naangalia uzito. Sare sizioni."

Pilipili alihisi masikio yanawaka. Mtu mzima, mwenye mvi zake, anapima shati la mtoto kama anavyopima chuma chakavu! Lakini kelele zisingerudisha kitu. Mzee alipoona macho ya Bosi yamejaa machozi, alishusha sauti kidogo, akanyoosha kidole ng'ambo ya barabara. Mfuko ule alikuwa ameshauuza gereji. Mafundi wa magari hununua nguo kuukuu za kufutia mikono na vyuma.

Gereji walimkuta fundi amelala chini ya lori, miguu tu ikionekana. Alipojivuta nje, alikuwa anafuta mikono kwa kitambaa kilichojaa grisi. Kwenye kitambaa kile kulikuwa na mfuko ulioshonwa kwa uzi wa bluu.

"Langu lile," Bosi alisema. Hakulia. Alisema tu, kama mtu anayeonyesha nyumba yao ikiungua.

Fundi aliangalia kitambaa, akamwangalia mtoto, akaelewa. "Aisee, mimi nilinunua matambara, mama. Niwie radhi." Alikimbilia ndani, akatoka na kaptula ya bluu. Hiyo ilikuwa bado salama. Lakini shati lilikuwa limeshakatwa mikono.

Njiani Pilipili hakunyamaza. Alimlaumu mzee, akamlaumu fundi, kisha akamrudia mama yake na kumhesabia beseni kwa beseni. Mama alitembea na beseni kichwani, kama mtu anayebeba adhabu yake hadharani. Walipitia kwa mama mkubwa wa Pilipili, dada yake mama, aliyekuwa fundi cherehani kwenye baraza la duka.

Mama mkubwa aliwasikiliza bila kusimamisha mguu kwenye cherehani. Kisha akasimamisha. "Kushona nitashona, sitaki malipo. Kitambaa ndicho sina. Vya wateja sivigusi. Cha kununua je?"

"Mpaka baba yao arudi," mama alisema. "Nimebakiwa na hela ya unga tu."

"Twende kwako. Nyumba yenye vitu vingi vile haikosi kitambaa cheupe."

Mama mkubwa alifika mlangoni akasimama. "Niweke wapi miguu?"

"Vua viatu tu, dada, upite."

"Nikivivua humu nitaviona tena?"

Walipekua. Walishusha mifuko, wakafungua kabati, wakatoa vitu mpaka barazani. Walipata mapazia ya maua, shuka iliyogeuka njano, vitambaa vya meza vyenye matundu, na vifuniko vya vyombo ambavyo havikuwepo tena. Nyumba imefurika hivyo, na bado mtoto hana shati! Mama alikaa juu ya ndoo akajishika kichwa.

"Umeona sasa?" Pilipili alianza tena. "Vitu hivi vyote, hakuna hata..."

Akakatisha. Bosi alikuwa anatazama chini ya kitanda, pale palipokuwa na sanduku. Alipoona dada yake anamwangalia, alihamisha macho haraka akafumba midomo. Siku moja alilifungua sanduku lile, akafinywa sikio, akaonywa asithubutu hata kulitaja. Na sasa, pamoja na shida yake yote, alikuwa ametii.

Pilipili alisimama. Angeweza kunyamaza. Hakuna mtu mzima aliyejua kilichomo. Alipiga magoti, akalivuta sanduku, akalifungua mbele ya wote.

Mlikuwa na mikoba isiyo na zipu, viatu vilivyomkataa zamani, madaftari yaliyojaa, na riboni zilizosokotana kama matumbo ya kuku. Chini kabisa mlikuwa na blauzi tatu nyeupe za shule, safi, zimekunjwa. Alizivaa darasa la tatu na la nne.

"Kumbe!" Mama alisimama. "Siku nzima umenichambua kama karanga, na mwenzangu umekalia mashati?"

"Nilisema zitanifaa," Pilipili alijibu akiangalia chini.

"Zikufae vipi? Uzivae kidoleni?"

Mama mkubwa aliangua kicheko, na mama naye kikamtoka, ingawa macho yalikuwa bado mekundu. Pilipili peke yake hakucheka. Alimgeukia mdogo wake. "Bosi, kwa nini hukusema?"

"Ulisema nisiseme."

Jibu hilo lilimchoma kuliko kombora lolote la mama. Alichukua blauzi zote akampa mama mkubwa. "Mbili mshonee Bosi. Hii ya tatu mpe mtoto yeyote ambaye hana. Na nisamehe, mama. Nilikufokea mbele za watu."

"Ulifoka vibaya, mwanangu. Lakini ulichofokea kilikuwa kweli," mama alisema. "Na mimi nimekosa."

Jumapili mama mkubwa alishona kwake, akazipunguza blauzi, akabadilisha kola za duara kuwa za shati, akahamisha vifungo kutoka upande wa kike kwenda upande wa kiume. Nyumbani kila mtu alianza na rundo lake mwenyewe, hiyo ndiyo ilikuwa amri ya mama mkubwa. Pilipili alimaliza sanduku kwanza, akabaki na riboni mbili. Mama alikwama kwenye mabeseni.

"Na wageni wakija?"

"Wageni wako wanakuja kuoga?" Pilipili aliuliza, lakini sasa kwa upole, na mama akacheka akaachia.

Mabeseni mengine alipewa jirani aliyefua nguo za watu kwa ujira, kwa sababu ya kwake yote yalikuwa yamepasuka. Mengine yalipelekwa zahanati. Lile jekundu mama alimpelekea fundi wa gereji aoshee vyuma, naye akalipokea kwa aibu. Jioni, mama mkubwa alipoleta mashati, alimkuta mama amekusanya matambara yaliyobaki.

"Haya nitayaweka mpaka mzee apite Jumamosi," mama alisema.

"Unasema?" Mama mkubwa alishika kiuno. "Unatoa rundo ili ulete rundo? Mama wa watoto wawili, huchoki?"

Matambara yalikwenda gereji siku hiyohiyo, na hayakubadilishwa na kitu.

Jumatatu, mwalimu wa zamu alisimama getini akikagua mtoto mmoja mmoja. Zamu yake ilipofika, Bosi aliweka mikono nyuma, akainua kidevu. Mwalimu aliangalia kola, akaangalia vifungo, akaangalia kaptula.

"Pita."

Bosi hakupita. Aligeuka kumwangalia dada yake, kana kwamba hakusikia vizuri.

"Amesema pita!" Pilipili alimwambia. Hapo Bosi akakimbia, na mikono ya kibosi ikasahaulika kabisa.

Mchana, walipokuwa wanarudi, walipita barazani kwa mama mkubwa kumpa habari. Bosi alisimulia darasa zima, kuanzia dawati mpaka chaki. Pilipili alimngoja amalize, kisha akasema, "Mama mkubwa, mimi bado nina hasira na yule mzee. Eti anaangalia uzito!"

"Una haki ya kukasirika," mama mkubwa alisema, akikata uzi kwa meno. "Kitendo kile hakikuwa cha utu, na nikimwona nitamwambia usoni. Lakini mzee hakuingia kwenu na ufunguo. Aliyemfungulia mlango ni ile tamaa ya kusema kila kitu ni changu na kitanifaa. Mama yako alikuwa nayo kwenye mabeseni, wewe ulikuwa nayo sandukuni. Kubana matumizi, mwanangu, si kujaza nyumba vitu vya bure. Ni kujua ulicho nacho, kukitumia, na kisichokufaa kumpa anayekihitaji leo, kabla hakijaoza. Ukiona rundo la mwenzako likakuudhi, usiache kuudhika. Ila nenda kwanza kavute la kwako."

Pilipili aliitikia kwa kichwa. Bosi alivuta upindo wa shati lake, akauliza kama kesho nayo ni siku ya shule.

"Ni siku ya shule," dada yake alimjibu, na hakumwambia kwamba alishauliza.